Jogoo wa Kudai Kodi

Babati ilipotangazwa kuwa makao makuu ya mkoa mpya, baba yangu aliacha kutuita watoto. Alianza kutuita vyumba.

"Chumba cha kwanza, lete maji," alimwambia kaka. "Chumba cha tatu, acha kulia." Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa chumba cha pili.

Mpango wake ulikuwa hivi. Mkoa lazima uwe na ofisi, ofisi lazima ziwe na mabosi, na bosi hawezi kuishi kwenye nyumba ya udongo. Kwa hiyo mabosi wangekuja Babati na jambo la kwanza wangetafuta nyumba. Sisi tulikuwa na kiwanja Maisaka kinachotazama barabara, na nyuma yake kishamba cha mahindi na mbaazi. Baba angejenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Kila mtoto angekuwa na chumba chake, si cha kulala, cha kumsomesha. Kodi ya chumba cha kaka ingemsomesha kaka, ya changu ingenisomesha mimi, na ya chumba cha tatu ingemsomesha mdogo wetu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa hata kuhesabu hajui vizuri. Sebule ilikuwa ya uzee wa baba na mama.

Ulikuwa mpango mzuri. Nautetea mpaka leo. Ila ulihitaji bosi.

Fedha za kujengea zilitoka kwa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wetu sisi watoto. Babu yetu, baba yake baba, alikuwa mfugaji kwenye tambarare za Hanang. Kila mjukuu alipozaliwa alimtengea ndama jike, na ndama huyo alikua na kuzaa katika zizi la babu kwa jina la mtoto. Wangu alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na alikuwa ameshazaa mara mbili. Nilimwona mara chache sana lakini nilimfahamu kama mtu anavyomfahamu ndugu aliyeko mbali. Baba alikwenda kwa babu, akawaswaga wote, akawapeleka mnadani. Hatukuulizwa.

Kaka, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata kufuli, alisema, "Baba, ng'ombe si anazaa?"

"Ng'ombe anakufa," baba alijibu. "Umeshaona nyumba imekufa kwa ndigana?"

Hatukuwa tumeona. Nyumba ikajengwa.

Ilichukua misimu miwili ya mbaazi. Ng'ombe walipoisha, mbaazi zilinunua saruji, na mbaazi zilipoisha, kaka alifanywa kibarua wa bure. Mama alipika makande ya mafundi kila siku akiwa na sura ya mtu anayesubiri kuona mwisho wake. Nyumba ilipokamilika ilikuwa na bati jekundu, baraza la saruji, vioo madirishani, na choo cha ndani cha kukalia. Bomba la maji lilikuwa halijafika mtaani kwetu, wala hakuna aliyejua litafika lini. Lakini baba alisema bosi hawezi kutoka nje na kopo kama sisi.

Watu walikuja kukitazama choo kile. Walivua viatu mlangoni. Mama mmoja jirani aliinama akachungulia ndani ya sinki, akauliza, "Sasa hapa mtu anaogea miguu?" Baba alimweleza. Yule mama akajishika kiuno. "Ndani ya nyumba? Na wengine wanakula sebuleni? Haya, mabosi wana moyo."

Babu naye alikuja. Alisafiri kutoka Hanang kuja kuuliza swali moja. Alisimama uwanjani na fimbo yake, shuka begani, akaitazama nyumba kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Nyumba nimeona. Ng'ombe wa mjukuu wangu huyu yuko wapi?"

Baba alinyoosha kidole. "Yule pale, baba. Dirisha la pili."

Babu alilitazama dirisha la pili. "Amezaa?"

"Bado. Bosi akija atazaa kila mwezi."

"Na maziwa yake mnakunywa?"

Baba alicheka, kwa sababu alidhani babu anatania. Babu hakuwa anatania. Alikataa hata kuingia. Alikunywa chai upande wetu, kwenye nyumba ya zamani ya udongo, kwa sababu sisi tuliendelea kuishi humo. Mpya tulikatazwa hata kukaa barazani, tusije tukaipaka mafuta ya vichwa ukutani.

Nyumba ilisubiri bosi mwaka mzima na zaidi.

Si kwamba wapangaji hawakuja. Mji ulikuwa umejaa watu wanaotafuta pa kukaa. Alikuja nesi mwenye mtoto mmoja mgongoni, akataka chumba kimoja tu, akasema atalipa miezi mitatu kwa mpigo. Baba alimwambia nyumba ile haitolewi chumba chumba, ni nyumba ya mtu mmoja mkubwa. Nesi akaangalia huku na huku, akaona vyumba vitatu vitupu na pazia la maua dirishani, akashukuru, akaondoka. Walikuja walimu wawili vijana. Baba aliwauliza wana gari? Hawakuwa na gari.

Alikuja pia mwenye duka la jumla pale mjini, Mwislamu mstaarabu mwenye kofia nyeupe, ambaye sisi sote tulinunua sukari kwake. Yeye alitaka chumba cha kwanza kiwe stoo ya bidhaa. Alitoa noti mfukoni kabisa, akazishika mkononi.

"Mzee, hela hii hapa. Chumba kile pale. Tatizo liko wapi?"

"Bosi hawezi kuishi nyumba moja na magunia ya chumvi," baba alisema.

"Bosi gani?"

"Yuko njiani."

"Njia ya Arusha au ya Dodoma? Maana mimi duka langu liko barabarani, nikimwona nimwelekeze."

Maneno hayo yalifika sokoni kabla mwenye duka hajafika dukani kwake. Kuanzia siku ile hakuna aliyemwita tena baba kwa jina la kaka yangu, kama ilivyo heshima. Alikuwa Baba Bosi. Watoto wa shule walinisalimia, "Mambo, mtoto wa bosi! Kafika?" Mimi si mtu wa kujibu maneno. Nilikuwa natembea tu. Lakini nilikuwa darasa la sita, na hesabu nilikuwa naziweza, na kichwani nilijua kodi ya nesi peke yake kwa miezi ile yote ingenipeleka sekondari na godoro juu.

Kisha bosi akaja kweli.

Alishuka kwenye gari jeupe la ofisi, mwenye mkoba, mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Dereva alikuwa ameambiwa mjini kwamba Maisaka kuna mzee anayesubiri bosi. Baba alitoka mbio shambani, akajifuta udongo kwenye suruali, akasimama wima mbele ya yule mtu, ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akasema:

"Shikamoo."

"Marahaba, mzee," yule mtu akajibu, bila hata kupepesa.

Kaka alinitazama. Mama aliingia jikoni, nikasikia sufuria imewekwa chini kwa nguvu.

Yule mtu alikagua nyumba, akakaa kwenye sinki la choo akiwa amevaa nguo zake zote ili kulijaribu, akasema panafaa. Akauliza kodi ni kiasi gani. Baba alikuwa na bei. Alikuwa nayo mwaka mzima, alikuwa akiitaja hadi kwenye misiba. Lakini siku ile hakuitaja.

"Hayo tutaongea tu, mkubwa," alisema. "Kwanza upumzike."

Akapumzika miezi kumi na mmoja.

Mwisho wa mwezi wa kwanza baba alivaa koti lake la kanisani, akakamata jogoo, akamfunga miguu.

"Unakwenda wapi na jogoo?" mama aliuliza.

"Kudai kodi."

"Jogoo wa nini?"

"Mama watoto, kwa mkubwa huendi mikono mitupu."

Huo ni utaratibu wetu wa siku zote na sina ubaya nao. Ukienda kwa mkubwa ukiwa na shida yako unabeba kitu. Ila nadhani waliouanzisha hawakufikiria mtu anayekwenda kudai haki yake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baba alikaa huko kama saa nzima. Alirudi anatabasamu.

"Amefurahi sana," alisema.

"Na kodi?"

"Sikupata nafasi ya kuliingiza hilo. Alikuwa ameshika jogoo."

Mwezi wa pili alikwenda na jogoo mwingine. Mwezi wa tatu jogoo hawakuwepo, akaenda na mayai. Kaka alimuuliza, "Baba, kuku wakiisha utakwenda kudai na nini? Sisi wenyewe?" Alipigwa kofi, lakini lilikuwa kofi dogo, la mtu ambaye naye ameshajiuliza. Mama alipeleka maziwa kila asubuhi, ya kununua kwa jirani mwenye ng'ombe, kwa sababu baba alisema maziwa ya mjini yamechanganywa maji. Na mimi, kwa kuwa choo cha ndani hakikuwa na bomba, nilipewa kazi ya kukimwagia. Ndoo mbili alfajiri kabla ya shule, ndoo moja jioni. Ndiyo faida ya kwanza niliyoipata kwenye ng'ombe wangu.

Majirani nao walianza kuleta vitu. Huyu miwa, yule boga, mwingine debe la mahindi kutoka Bonga, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtoto, au kesi ya kiwanja, au kibali. Walimkuta baba barazani, maana sasa baba alikuwa anaruhusiwa kukaa barazani, na baba aliwaambia, "Ngoja kwanza, mkubwa anakula." Nilijua kwamba kwa baba kodi haikuwa tena jambo kubwa. Alikuwa amepata kitu kitamu kuliko kodi.

Wakati huo kaka alipata kibarua cha kubeba samani kwenye ofisi mpya. Siku ya pili alirudi ameshika tumbo kwa kicheko.

"Baba, bosi wako nimemwona kazini. Mnajua kazi yake? Anahesabu viti."

"Viti gani?"

"Viti vya ofisi. Ameletwa kuhesabu viti na meza. Anapindua kiti, anakiandika namba chini kwa rangi nyeupe, anakiinua, anakwenda kingine. Wenzake wanamwambia harakisha bwana."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Baba alisubiri tumalize.

"Mnacheka," alisema. "Mtu mdogo anaweza kukabidhiwa viti vya mkoa mzima?"

Mama akaanza kucheka upya.

Nilimaliza darasa la saba. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, langu lilikuwepo. Kwenye darasa letu wasichana tuliochaguliwa tulikuwa wanne tu. Nilipewa fomu ya kujiunga, karatasi tatu zilizobanwa pamoja, na nadhani hakuna kitu nimewahi kukisoma mara nyingi kama ile fomu. Ada. Godoro. Sanduku la bati. Shuka mbili. Ndoo. Jembe lenye mpini. Sketi mbili za rangi iliyotajwa. Shule ilikuwa ya bweni, mbali, na mstari wa mwisho ulisema asiyefika ndani ya wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, nafasi yake atapewa mwingine. Mstari huo ulikuwa umepigiwa mstari chini yake.

Mama alikuwa ameshaweka gunia moja la mbaazi pembeni. "Hili ni godoro na sanduku," aliniambia. "Baba yako alete ada tu. Kodi ya miezi yote ile, hata akilipwa nusu, ada imo." Kisha akamgeukia baba. "Baba watoto, leo nenda ukadai. Bila jogoo."

Baba alichukua fomu yangu, akavaa koti, akaenda. Alikwenda na jogoo.

Alirudi akiwa karibu kuimba. Bosi alikuwa amesoma fomu yote. Alikuwa amenipongeza sana. Alikuwa amesema mkuu wa ile shule anamfahamu, kwa hiyo fomu aiache hapo hapo kwake, atalifanyia kazi mwenyewe.

"Analifanyia kazi nini?" mama aliuliza. "Fomu haina kazi. Inataka hela."

"Hela ni ya watu wasio na mtu," baba alisema. "Sisi tuna mtu."

Na kwa sababu tuna mtu, godoro halikuwa na haraka tena. Kesho yake baba alilibeba gunia la mbaazi la mama akalipeleka upande wa pili wa uwanja, kama shukrani ya awali. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko akamtazama anavyotembea na gunia begani. Mama yangu akinyamaza ni heri mtu akutukane.

Shule zilifunguliwa. Wenzangu watatu waliondoka na masanduku yao. Wiki ya kwanza ilikwisha. Nilimwuliza baba mara moja, nikiwa nimeangalia chini. Akasema, "Mkubwa haharakishwi." Katikati ya wiki ya pili bosi alikwenda semina. Alirudi Ijumaa jioni. Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili.

Jumamosi asubuhi nilipeleka ndoo zangu mbili kama kawaida. Siku zote niliziacha mlango wa nyuma nikaondoka. Siku ile niliingia nazo mpaka ndani, nikasimama sebuleni, maji yakinimwagikia miguuni. Bosi alikuwa anakunywa chai kwa maziwa aliyoletewa na mama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Weka huko chooni."

Sikuweka. Nilisimama hapo hapo mpaka akainua macho. Nikasema, "Nimefuata fomu."

"Fomu ipi?"

Nakumbuka kwamba hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli.

"Ya shule."

"Aah! Ile." Alielekeza kwa kijiko. "Iko humo chumbani, hapo juu ya magunia. Chukua tu. Mwambie mzee nimeshalifanyia kazi."

Chumba alichokielekeza kilikuwa cha pili. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia tangu kimalizike kujengwa. Hakikuwa na kitanda. Kilikuwa stoo. Mahindi ya yule jirani, maboga, miwa imeegemezwa ukutani, na juu kabisa gunia la mbaazi la mama, nililitambua kwa kamba aliyolishonea. Fomu ilikuwa juu yake. Karatasi ya mwisho ilikuwa imegeuzwa, na nyuma yake, mahali peupe, bosi alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: viti vya mbao, viti vya mto, meza za droo, meza zisizo na droo, vilivyovunjika.

Kwa hiyo ni kweli, alikuwa ameifanyia kazi.

Nilimpa baba ile fomu. Alisoma upande wa mbele, akageuza, akasoma viti, akageuza tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Mama alimnyang'anya. Siku ile ile aliuza kuku wake waliokuwa wanataga, wote, na vitenge viwili alivyoviweka kwa harusi ya mtu, akakopa sanduku kwa jirani. Hata hivyo hela ya ada haikutimia mpaka katikati ya wiki iliyofuata. Tulifika shuleni siku ya Alhamisi. Mwalimu aliyetupokea alikuwa mtu mwema. Alituletea maji ya kunywa. Alisema, "Mama, tulisubiri mpaka Jumatatu. Amekuja mwingine." Alinionyesha hata huyo mwingine, kwa mbali, anafagia.

Tukarudi na sanduku la watu. Mama hakulia, na mimi sikulia mpaka tulipofika Babati, kwa sababu njia nzima nilikuwa naona aibu kwa abiria.

Bosi hakukaa sana baada ya hapo. Viti vilikwisha. Viti vikiisha kuhesabiwa, mhesabu viti anarudi alikotoka, na gari jeupe lilikuja kumchukua na magunia yake. Alimshika baba mikono yote miwili, akamwambia hatamsahau, akampa zawadi ya kuagana. Ilikuwa kalenda. Baba aliitundika.

Nilidhani mpango umekufa. Sikuwa namjua baba. Wiki haikwisha akawa ameosha madirisha na kutengeneza pazia, akakaa barazani na rafiki zake wawili na yule mwenye duka, aliyepita kudai hela ya sukari. Nesi naye akaja tena. Mtoto wake sasa alikuwa anatembea mwenyewe. Alisema pale alipopanga panavuja, akauliza kama mzee amebadilisha mawazo.

"Mama, nyumba hii ni ya watoto," baba alimwambia. "Nimeijenga iwasomeshe. Kila chumba kina mtoto wake. Siwezi kukigawa kwa mtu yeyote tu. Nasikia kuna mkubwa mwingine anakuja."

"Njia ya Dodoma?" mwenye duka aliuliza.

Nilikuwa nimeleta chai. Nilikuwa nimeshika birika, na sikuwa nimepanga kusema kitu. Kama ningepanga, nisingesema.

"Baba, naomba chumba changu."

Wote walinigeukia. Nilitazama birika.

"Unasemaje?"

"Chumba cha pili. Nakiomba."

"Chumba cha nini wewe? Unataka kuhama kwa mama yako?"

"Nataka kukipangisha kwa nesi."

Wazee walicheka, na baba akacheka nao, kicheko cha kuufunga mjadala. Lakini mwenye duka hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mzee, si umesema sasa hivi kila chumba kina mtoto wake? Na miaka yote mji mzima umeutangazia. Hata mimi ulinionyesha. Dirisha la pili ni huyu."

"Ni namna ya kusema tu."

"Ng'ombe wake alikuwa namna ya kusema?"

Babu angekuwepo angefurahi. Baba aliwatazama rafiki zake, na rafiki zake wakatazama barabara. Alikuwa amelitangaza jambo lile kwenye misiba, harusini, kwenye mikutano ya mtaa. Hakuwa na mahali pa kurudi nyuma.

"Haya," alisema mwisho, kwa hasira. "Chukua. Lakini kudai kodi si kazi ya mtoto wa kike anayeogopa hata kusalimia wageni. Mwisho wa mwezi utakwenda kwa mtu mzima kumdai? Utajua?"

"Nitajua," nilisema. "Sina jogoo."

Nesi alihamia Jumatatu, akalipa miezi mitatu kama alivyosema zamani. Choo cha ndani alikigeuza mahali pa kuwekea ndoo za maji, akachimba cha nje. Kila baada ya miezi mitatu nilikwenda kusimama mlangoni kwake. Sikuwa nasema chochote. Nilikuwa nasimama tu, na yeye alikuwa anatoa hela. Inaonekana kudai ni hivyo tu. Baada ya muda mwenye duka alipata stoo yake katika chumba cha kwanza, maana kaka alikuja kuomba chake siku nne baada yangu, kwa kelele nyingi zaidi.

Kwangu mimi muda ulikuwa umepita. Lakini mdogo wangu alipochaguliwa, fomu yake haikutoka mkononi mwangu hata siku moja. Alikwenda na sanduku lake mwenyewe, godoro jipya, ndoo, na jembe lenye mpini, siku mbili kabla shule haijafunguliwa. Baba alimsindikiza mpaka stendi na alimwambia kila aliyekutana naye, "Mnaona? Nyumba inasomesha." Nilimwacha aseme. Ni kweli inasomesha.

Mdogo wangu sasa ni mwalimu katika mkoa mwingine. Amepanga chumba. Juzi alinipigia simu, anacheka, ana furaha.

"Dada, mwenye nyumba wangu ni mzee mzuri sana. Ananiita mwalimu mkuu, na mimi hata mwaka sijamaliza. Jana amekuja kunisalimia, kaniletea jogoo."

Nikamwuliza, "Kodi umelipa?"

"Bado. Mshahara umechelewa. Na yeye wala hadai, dada. Amekaa tu, tumeongea, akaondoka."

"Mrudishie jogoo, ulipe kodi leo."

"Jogoo tumeshamla."

"Basi lipa kodi," nikamwambia, "na jogoo pia."